Mgeni Asiyepewa Jembe: Melbourne, Februari 1961

Ijumaa ya tarehe 17 Februari 1961, shughuli zilisimama katikati ya jiji la Melbourne, Australia. Msafara wa magari ya wazi ulipita polepole kuelekea ukumbi wa jiji. Ndani ya magari hayo walikuwamo wachezaji wa kriketi kutoka visiwa vya Karibi na Guiana ya Uingereza, wengi wao weusi, baadhi wenye asili ya India. Kando ya barabara walijazana watu ambao wanahistoria wa mchezo huo huwakadiria kufikia nusu milioni. Hata tukiyakata makadirio hayo nusu kwa tahadhari, bado ni umati wa ajabu kwa jiji ambalo wakazi wake wakati huo hawakufika milioni mbili. Watu walishangilia, wakapunga mikono, wengine wakatoa machozi. Wale waliokuwa ndani ya magari hawakuwa wenyeji wanaorudi na kombe. Walikuwa wageni wanaoagwa, tena wageni walioshindwa.

Kila ninapofundisha historia ya dola ya Uingereza na ubaguzi wa rangi, huwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki. Mwaka mmoja, msichana aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, kama waliwapenda kiasi hicho, mbona hawakuwaruhusu kuishi kwao?” Nilitoa jibu fupi ambalo halikuniridhisha, na nina hakika halikumridhisha yeye. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu upya.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, niseme machache. Mechi ya testi, ambayo ndiyo kilele cha kriketi baina ya mataifa, huchezwa kwa siku kadhaa. Kila timu hupata zamu mbili za kupiga mpira na kukusanya mbio, na kila zamu humalizika wapigaji kumi wanapotolewa. Muda ukiisha kabla mchezo haujakamilika, matokeo ni sare, na sare za aina hiyo ni jambo la kawaida. Jambo lililokuwa halijatokea hata mara moja tangu mechi ya kwanza ya testi mwaka 1877 ni timu zote mbili kumaliza zamu zao huku jumla za mbio zao zikilingana barabara.

Hilo ndilo lililotokea Brisbane, katika mechi ya kwanza ya testi ya ziara ya timu ya West Indies, tarehe 14 Desemba 1960. Wageni walipata mbio 453 na 284, wenyeji 505 na 232. Jumla ilikuwa 737 kwa 737. Duru ya mwisho ya mipira minane, iliyorushwa na Wes Hall, ilianza Australia ikihitaji mbio sita huku ikiwa na wapigaji watatu mkononi. Mpira wa saba ulipopigwa, jumla zilikuwa tayari zimelingana, na mbio moja tu ingewapa Australia ushindi. Joe Solomon, kijana wa Guiana mwenye asili ya India, aliudaka mpira akiwa kando ya uwanja, mahali ambapo aliweza kuona kijiti kimoja tu kati ya vitatu. Akakirushia, akakipata. Kwa dakika kadhaa hata baadhi ya wachezaji hawakujua nani ameshinda. Watazamaji walioshuhudia siku hiyo ya mwisho walikuwa kiasi cha 4,000 tu.

Idadi hiyo ndogo ina maana yake. Katika miaka ya mwisho ya hamsini kriketi ya kimataifa ilikuwa imedorora, imejaa hadhari na hesabu za kutopoteza. Manahodha wawili, Frank Worrell wa West Indies na Richie Benaud wa Australia, waliamua kucheza kwa kushambulia, na baada ya Brisbane nchi nzima ilifungua redio. Australia ilishinda mechi ya pili, West Indies ya tatu. Katika mechi ya nne, mjini Adelaide, Rohan Kanhai alipata mbio zaidi ya mia katika kila zamu yake. Wageni walibakiwa na mpigaji mmoja tu wa kumtoa ili washinde, lakini Ken Mackay na Lindsay Kline, ambao hakuna aliyewatarajia kudumu hata robo saa, walisimama kwa zaidi ya dakika mia moja. Mpira wa mwisho kabisa Mackay aliuacha umpige mwilini kuliko kuhatarisha kuugusa kwa gongo. Ikawa sare.

Hivyo mechi ya tano, iliyoanza Melbourne tarehe 10 Februari, ilibeba kila kitu. Jumamosi ya tarehe 11 waliingia uwanjani watu 90,800, idadi ambayo wakati huo haikuwa imefikiwa popote duniani kwa siku moja ya kriketi. Siku ya mwisho Australia ilihitaji jumla ya mbio 258. Zikiwa zimebaki mbio chache mno, kipande kidogo cha mti kinachokaa juu ya vijiti kilionekana kimeanguka karibu na miguu ya Wally Grout. Kama mpira ndio uliokiangusha, Grout alikuwa ametoka. Waamuzi wakashauriana, wakaamua kwamba hakutoka. Wachezaji wa West Indies walikuwa na kila sababu ya kulalamika. Hawakulalamika, wakaendelea kucheza. Mbio ya ushindi haikutokana hata na pigo: mpira ulimpita mpigaji na mdakaji aliyekuwa nyuma yake, na Waaustralia wakakimbia. Walishinda wakiwa na wapigaji wawili tu waliobaki.

Mashabiki walifurika ndani ya uwanja. Wenyeji waliposhinda mfululizo wa namna hiyo, mtu angetegemea wamtafute nahodha wao. Lakini umati ulikusanyika na kumwimbia nahodha aliyeshindwa. Worrell alimkabidhi Benaud kombe jipya lililobeba jina lake mwenyewe. Lilikuwa limebuniwa na sonara Ernie McCormick, ambaye zamani aliichezea Australia, na juu yake lilipachikwa mpira uliotumika Brisbane. Kisha Worrell akamvulia mwenzake kofia yake, tai yake na koti lake la timu, huku akitania kuhusu nguo zilizobaki. Siku mbili baadaye ndipo ulipofanyika ule msafara wa magari.

Sasa turudi kwenye swali la yule msichana.

Australia iliyowashangilia vijana hawa ilikuwa nchi ambayo tangu mwaka 1901, mwaka uleule ilipoungana kuwa dola moja, ilijiwekea sheria ya kuwazuia watu wasio weupe kuhamia humo. Sheria haikutaja rangi waziwazi. Ilitumia mtihani wa imla: afisa wa forodha angeweza kumsomea mgeni maneno hamsini katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua afisa mwenyewe, na mgeni akishindwa kuyaandika, anarudishwa. Mtihani huo ulifutwa mwaka 1958, lakini nafasi yake ilichukuliwa na uamuzi wa maofisa wenye msimamo uleule. Kisichopaswa kusahauliwa ni kwamba nchi hiyo haikuwa imefunga milango. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiwatafuta wahamiaji kwa bidii, ikiwalipia nauli, na kufikia 1955 ilikuwa imempokea wa milioni moja. Ilihitaji watu. Ila haikuwahitaji watu wa rangi ya Worrell.

Na ndani ya mipaka yake walikuwamo wenyeji wa asili wa bara hilo. Timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kuzuru Uingereza, mwaka 1868, ilikuwa timu ya wenyeji wa asili. Mwaka 1931, mjini Brisbane, kijana wa jamii hizo aitwaye Eddie Gilbert alimtoa Don Bradman, mpigaji bora wa zama zote, bila kumwachia mbio hata moja. Gilbert aliishi chini ya sheria zilizomlazimu kupata kibali ili kutoka kwenye hifadhi walikofungiwa watu wake, na hakuwahi kuchaguliwa kuichezea Australia. Wakati ulimwengu ukishangaa ile sare ya Brisbane, Gilbert alikuwa hai, amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Goodna, si mbali na mji huo. Haki ya watu wake wote kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ilipatikana mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya msafara wa Melbourne.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumsema mgeni aliyekaa mno. Lakini ina upande wa pili ambao hatuutazami. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba sasa yeye si mtu wa kutandikiwa mkeka na kuchinjiwa kuku. Ana sehemu katika shamba, ana sauti katika mavuno, na njaa ikija itakuwa ya kwetu sote. Siku mbili za kwanza ni za heshima. Siku ya tatu ndiyo siku ya undugu. Melbourne iliwapa vijana wa Karibi siku mbili za kwanza kwa ukarimu usio na mfano, na ndege ikawachukua kabla jua la siku ya tatu halijachomoza.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba baadhi yao walirudi. Ni kweli. Katika misimu iliyofuata Garfield Sobers aliichezea South Australia, Kanhai Western Australia, na Hall Queensland. Lakini walirudi kwa mikataba ya msimu. Hilo ni jembe la kibarua, ambalo jioni hurudishwa kwa mwenye shamba. Mkazi asiye mweupe, kwa utaratibu wa wakati huo, alipaswa kuishi nchini miaka 15 kabla ya kuweza kuomba uraia, wakati Mzungu alisubiri miaka michache tu.

Je, basi tuseme shangwe zile zilikuwa unafiki? Hapa ndipo jibu langu la kwanza darasani lilipokosea, kwa kuwa nilisema ndiyo. Leo sisemi hivyo.

Tukumbuke nini kilichokuwa hatarini kwa upande wa wageni. Kabla ya Worrell, West Indies haikuwa imewahi kumkabidhi mtu mweusi unahodha kwa mfululizo mzima. George Headley aliongoza mechi moja tu, mwaka 1948. Wachezaji bora wangeweza kuwa weusi, lakini wa kuwaongoza, iliaminiwa, alipaswa kuwa mweupe au wa karibu na weupe, kana kwamba akili ya kuamuru ilikuwa mali ya rangi. Tarehe 30 Januari 1960, katika mechi dhidi ya Uingereza mjini Port of Spain, mashabiki walirusha chupa uwanjani hadi mchezo ukasimama. Mwandishi C.L.R. James, Mtrinidad ambaye katika miaka ya thelathini alishirikiana na Jomo Kenyatta katika harakati za Waafrika mjini London, alikataa kuzisoma chupa zile kama ulevi na utovu wa adabu. Aliziona kama hasira ya watu waliochoka kutawaliwa hata mchezoni. Akiwa mhariri wa gazeti la The Nation, aliendesha kampeni bila kuchoka hadi Worrell akateuliwa. Na Gerry Alexander, nahodha aliyeondolewa, alikwenda Australia kama mchezaji wa kawaida chini ya Worrell, akamtumikia kwa uaminifu, na akapiga vizuri kuliko wenzake wengi.

Kwa hiyo kilichoonyeshwa Australia kwa miezi ile kilikuwa zaidi ya ustadi wa kupiga mpira. Alionekana mtu mweusi akiamuru, akipanga, akituliza vijana wake wakati uamuzi umewageukia, akishindwa bila kupoteza heshima. Dhana iliyobeba sheria ya 1901, kwamba watu hawa hawawezi kukaa pamoja na weupe bila fujo, ilijaribiwa mbele ya watu 90,800, ikafeli. Wale walioshangilia walishangilia walichokiona kwa macho yao, na macho yao yalikuwa yamewatangulia wabunge wao.

Lakini macho pekee hayaandiki sheria. Katika jiji hilohilo la Melbourne, mwaka 1960, kikundi kidogo cha wasomi na raia waliojiita kundi la mageuzi ya uhamiaji kilichapisha kijitabu cha kupinga ubaguzi wa rangi katika sheria za uhamiaji. Hakuna aliyewapigia makofi barabarani. Waliendelea kuandika, kujadiliana na kuwasumbua wanasiasa. Mwaka 1966 masharti yalilegezwa na ile miaka 15 ikapunguzwa hadi mitano. Mwaka 1973 serikali ya Gough Whitlam ikaondoa mabaki ya sera hiyo, na mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi. Watetezi wa sera ile ya zamani walizoea kusema kwamba wao binafsi hawana tatizo, ila wananchi hawatavumilia. Ni kisingizio cha watawala wa kila zama. Naamini kwamba baada ya Ijumaa ile ya Februari kisingizio hicho kilipungua uzito. Huo ndio mchango wa shangwe. Si mdogo, lakini pasipo wale wenye kijitabu ungeyeyuka pamoja na msimu.

Hata huko Karibi shangwe hazikutosha. Timu ya Worrell ilitoka katika makoloni yaliyokuwa yakijaribu kujenga Shirikisho la West Indies, lililozinduliwa mwaka 1958. Wengi waliamini kwamba kama vijana kumi na mmoja wa visiwa mbalimbali wanaweza kucheza kama mtu mmoja, basi visiwa vyenyewe vinaweza kuwa nchi moja. Septemba 1961, miezi saba tu baada ya Melbourne, wananchi wa Jamaica walipiga kura kujitoa. Mei 1962 shirikisho likavunjwa. Timu imebaki hadi leo, lakini nchi haikuzaliwa. Worrell mwenyewe alifariki Machi 1967 akiwa na umri wa miaka 42, na ibada ya kumkumbuka ikafanyika Westminster Abbey, heshima ambayo hakuna mwanakriketi aliyewahi kupewa kabla yake.

Ni rahisi kwetu huku Afrika Mashariki kuwanyooshea kidole Waaustralia. Tujitazame. Mwaka 1975 Afrika Mashariki ilipeleka timu katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, na wachezaji wake wengi walikuwa wenye asili ya Asia, wakiongozwa na Harilal Shah. Walivaa jina letu sote. Miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke, na wengi katika miji yetu, si Kampala peke yake, walishangilia. Hawa walikuwa watu waliokuwa na jembe mkononi kwa vizazi, nasi tukaamua kwamba bado wako siku ya pili.

Tuna pia mfano wa kutupa moyo. Wakimbizi wa Burundi waliokuja Tanzania mwaka 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, majembe halisi, na wakalima hadi wakajitegemea. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walianza kupokea vyeti vya uraia. Hapakuwa na msafara wa magari ya wazi. Safari yenyewe ilichukua zaidi ya miaka arobaini, na haikukosa mizengwe njiani. Lakini nikiambiwa nichague kati ya shangwe za Melbourne bila makazi na vyeti vile visivyopigiwa vigelegele, sitachukua muda mrefu kuchagua.

Basi, binti yangu uliyeuliza swali lile, popote ulipo, hili ndilo jibu langu. Waliwapenda kweli. Hawakuwaruhusu kuishi kwao kwa sababu mapenzi ya uwanjani hayamgharimu mpendaji chochote: hayamwombi kazi, hayamwombi nyumba jirani, hayamwombi binti wa kuoa wala kiti bungeni. Sheria huomba hayo yote. Ukimwona mtu anashangiliwa Jumamosi uwanjani, usimcheke anayeshangilia, maana pengine ameona kitu cha kweli. Ila Jumatatu nenda ofisi ya uhamiaji ukatazame wanaosimama kwenye foleni, na namna wanavyojibiwa.